Kabla ya kumtega fuko, mjue aliye chini ya shamba lako

Mkulima wa viazi wa Kinangop na yule wa viazi vitamu wa Njombe hawahitaji kuelezwa dalili. Mmea uliokuwa mzima jana umenyauka leo, ukiuvuta unakuja wote mkononi kwa sababu chini hauna mzizi, na hatua chache kando yake kuna rundo la udongo mbichi. Fuko amepita. Siku hizi kinachofuata ni simu. Mtu anaingia kwenye intaneti kutafuta namna ya kumwondoa fuko, na papo hapo analetewa video ya mtegaji wa Uingereza mwenye mtego wa chuma wa koleo, tangazo la kifaa cha nishati ya jua kinachotetemesha ardhi, ushauri wa kuua wadudu wa kwenye nyasi ili fuko akose chakula, na mtu anayeapa kwamba ukitumbukiza chingamu shimoni kazi imekwisha.

Baadhi ya ushauri huo ni mzuri kabisa, ila unamhusu mnyama mwingine. Mkulima wa kwetu akiufuata ulivyo, atanunua dawa ya wadudu kwa ajili ya mnyama asiyekula wadudu, au atatega mtego mzuri mahali pasipofaa, kisha aseme mitego haifanyi kazi. Mitego inafanya kazi sana. Lakini kila mtego umejengwa juu ya tabia ya mnyama fulani, na usipoijua tabia hiyo unatega hewa.

Fuko wa kwenye video

Fuko wa Ulaya, ambaye wataalamu humwita Talpa europaea, si panya wala hana udugu wa karibu na panya. Ana uzito wa takriban gramu 70 hadi 130, manyoya meusi laini, viganja vipana vilivyogeukia nje kwa ajili ya kuchimba, na meno madogo yaliyochongoka ya mla nyama. Chakula chake kikubwa ni minyoo ya ardhini. Huiuma vichwani isiweze kutoroka, kisha huihifadhi ingali hai. Kiazi hakigusi. Mkulima wa kule anamlalamikia kwa sababu ya vilima vya udongo: vinaharibu viwanja vya nyasi, vinavunja visu vya mashine za kukatia majani, na udongo wake ukichanganyika na majani yanayosindikwa kwa ajili ya ng'ombe unaweza kuingiza bakteria wa listeria kwenye lishe. Historia nayo imemwandika. Mfalme William wa Tatu wa Uingereza alifariki mwaka 1702 baada ya kuanguka farasi wake alipojikwaa, inasimuliwa kwamba ni kwenye kilima cha fuko, na wapinzani wake wakawa wakinyanyua glasi kumpongeza "bwana mdogo mwenye koti la mahameli meusi".

Mnyama huyo hayupo kwetu. Jamii yake yote, ile ya fuko wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini wanaoishi kwa minyoo na wadudu, haimo barani Afrika.

Waliopo kwetu

Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Nyandarua, Nyeri na Kiambu hadi Molo na Kericho, halafu Kilimanjaro na Meru upande wa Tanzania, na kuendelea hadi Uganda, Rwanda, Burundi na Kivu, mharibifu mkuu ni mnyama wa jenasi ya Tachyoryctes. Huyu ni mgugunaji, yaani yuko kundi moja na panya na buku, na ndugu zake wa karibu zaidi ni panya wa mianzi wa Asia. Rangi yake ni ya hudhurungi au nyekundu ya udongo, na wengine ni weusi tititi. Ana macho madogo yanayoona, masikio mafupi unayoweza kuyatambua ukimtazama vizuri, mkia mfupi wenye manyoya, na meno ya mbele ya rangi ya chungwa yanayotokeza nje hata akifunga mdomo. Hayo meno ndiyo jembe lake. Anachimba kwa kung'ata udongo, anaurushia nyuma kwa miguu, kisha anageuka na kuusukuma kwa ubavu wa kichwa hadi nje.

Ukishuka kwenye maeneo mengine ya Tanzania, kusini mwa Kenya, Malawi, Msumbiji na Zambia, unakutana na fuko wa kijivu cha fedha, Heliophobius argenteocinereus. Naye ni mgugunaji mwenye meno ya kutokeza, lakini macho yake ni kama vichwa vya pini, hana ndewe za masikio, na mkia wake ni kipande tu. Midomo yake hujifunga nyuma ya meno ya mbele, kwa hiyo anaweza kung'ata udongo kutwa nzima bila udongo kuingia kinywani. Kusini-magharibi mwa Tanzania wapo pia fuko wa jenasi ya Fukomys, ambao hutofautiana na wengine kwa jambo moja kubwa kwa mtegaji: wanaishi kwa familia. Tachyoryctes na Heliophobius kila mmoja ana njia zake na hamkaribishi mwenzake, isipokuwa wakati wa kupandana na wakati mama ana watoto.

Mwenye kuishi kwa ukoo kuliko wote ni fuko uchi wa maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, Ethiopia na Somalia, yule asiye na manyoya. Kundi lake linaweza kuwa na makumi ya wanyama, na anayezaa ni jike mmoja. Mtafiti Jennifer Jarvis ndiye aliyeueleza ulimwengu jambo hilo mwaka 1981. Kabla ya hapo, mwaka 1971, yeye na mwenzake Sale walikuwa wameandika juu ya namna fuko wa Afrika Mashariki wanavyochimba na wanavyopanga mashimo yao, na mengi tunayoyajua kuhusu ramani ya shimo la fuko wetu yalianzia kwenye kazi hiyo.

Hao wote wanakula mizizi, viazi, balbu na mashina ya chini ya ardhi. Mihogo, viazi vitamu, viazi mviringo, karoti, karanga, mizizi ya migomba, nyasi za nepia, miche ya miti ya matunda: vyote ni chakula chao.

Kuna mmoja nataka umtenganishe na hawa kabla hujamwekea mtego. Kwenye milima ya Kenya, Uganda, Rwanda, mashariki mwa Kongo na baadhi ya sehemu za Tanzania anaishi fuko mdogo mwenye manyoya yanayometameta kwa mng'ao wa shaba, anayejulikana kama fuko dhahabu. Macho yake yamefunikwa na ngozi, mkia hauonekani, na puani ana kigozi kigumu. Hana meno ya kutokeza. Anakula wadudu na minyoo, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo kuliko na panya. Njia zake ni za juujuu, udongo unainuka kama mshipa mrefu bila marundo makubwa. Huyu anakuondolea funza wanaokata miche. Ukimnasa, wewe mkulima unakuwa umemfukuza kibarua asiyekudai, kwa hiyo ukiona mshipa wa udongo ulioinuka na mimea yako ya mizizi ikiwa salama, mwache aendelee na kazi.

Rundo la udongo linasema nini

Kosa la kwanza kabisa shambani ni kuhesabu marundo na kudhani umehesabu fuko. Mtu anaona marundo yaliyotapakaa nusu ya shamba, anasema wamevamia, anakata tamaa kabla hajaanza. Fuko anayeishi peke yake anaweza kuwa na njia za makumi ya mita chini ya ardhi, na kila anapoongeza kipande lazima udongo uende mahali. Marundo yote yale mara nyingi ni kazi ya mnyama mmoja. Ndiyo maana kumnasa mmoja tu, aliye sahihi, kunaweza kunyamazisha kipande kizima.

Rundo jipya lina udongo mweusi wenye unyevu, uliovunjikavunjika, haujapigwa na jua wala mvua. La zamani limekauka, limeshuka, na majani yameanza kuota. Kutega kwenye rundo la zamani ni kupoteza muda. Marundo huongezeka sana mvua zinapoanza, kwa sababu ardhi imelainika na kuchimba kunakuwa rahisi. Wakati wa kiangazi kikali fuko bado yupo, ila kazi yake inaonekana kidogo.

Chini ya hayo marundo kuna njia za aina mbili. Zipo za kutafutia chakula, ambazo hupita kina cha mizizi, mara nyingi kati ya shubiri moja na mbili hivi kutoka juu, na zinakatwakatwa kila upande. Na ipo njia kuu, iliyo laini ndani kwa kupitwa mara kwa mara, kuta zimekandamizwa, hakuna mizizi inayoning'inia. Njia kuu ndiyo inayoelekea kwenye kiota. Kwa Tachyoryctes kiota ni nyumba ya kila kitu: pana sehemu ya kulala yenye majani makavu, ghala la chakula, na kona ya choo. Chini zaidi huwa kuna shimo la kukimbilia hatari ikitokea. Hili shimo la mwisho ndilo linalofanya watu wamwage madebe ya maji na fuko asitoke.

Tabia inayomponza

Mtego wa fuko hauhitaji chambo. Panya wa nyumbani unamvuta kwa dagaa au nazi, lakini fuko unamvuta kwa kumharibia nyumba. Yeye anaishi kwenye hewa iliyofungwa, yenye unyevu usiobadilika, salama dhidi ya nyoka na kicheche. Njia yake ikitobolewa, upepo unaingia, mwanga unaingia, na anajua. Hawezi kulala na hilo. Anakuja kuziba, akiwa na udongo anaousukuma. Anakuja wakati mwingine ndani ya dakika chache, wakati mwingine baada ya saa kadhaa, ila njia ikiwa inatumika atakuja.

Ukishalielewa hili, hatua zote za kutega zinajieleza zenyewe.

Chukua marundo mawili mapya yaliyo karibu. Kati yao choma ardhi kwa fito au chuma chembamba. Mahali ambapo fito inazama ghafla pana njia. Chimba hapo taratibu kwa panga au jembe dogo mpaka uione njia ikiwa na midomo miwili, mmoja kila upande. Toa udongo wote uliodondokea ndani, kwa mkono uliovaa glavu au kwa kijiko kirefu. Hatua hii watu wanaiharakisha, na ndiyo inayowaangusha. Udongo uliolegea ukibaki ndani, fuko ataukusanya akiwa njiani, na atafika mtegoni akiwa ameshika ukuta wa udongo mbele yake. Mtego utafyatukia udongo.

Kisha ondoka. Rudi baadaye utazame ni mdomo upi umezibwa. Huko ndiko anakotoka, na huko ndiko mtego unakwenda. Watu wenye haraka hutega pande zote mbili kwa mpigo, nayo ni njia nzuri ikiwa una mitego ya kutosha.

Mtego wa asili ambao wategaji wa vijijini wanautumia ni wa tanzi na fito. Fito mbichi inayopindika, yenye nguvu ya kurudi, inasimikwa imara kando ya shimo. Ncha yake inafungwa kamba, na mwisho wa kamba kuna tanzi la waya mwembamba lenye upana sawa na njia ya fuko. Tanzi linalazwa ndani ya njia likigusa kuta zote, ili fuko apite katikati yake bila kulihisi. Fito inapindwa chini na kushikiliwa na uzi mwingine unaokatisha njia, mbele kidogo ya tanzi. Fuko anapokuja kuziba anaukuta uzi umemzuia. Anafanya anachofanya kwa mzizi wowote unaokatisha njia yake: anaukata kwa meno. Uzi unakatika, fito inaruka, tanzi linambana dhidi ya dari ya shimo.

Ubora wa mtego huu uko kwenye huo uzi. Lazima uwe kitu anachoweza kukikata upesi, kama kamba ya katani au ganda la mgomba lililokauka. Ukiweka nailoni nene, atahangaika nayo, ataizika kwa udongo, au ataichimbia njia ya pembeni. Waya wa tanzi nao uwe mwembamba kiasi cha kujifunga haraka lakini usiokatika. Wapo wanaotumia kopo lililotobolewa pande zote mbili, au kipande cha mwanzi mnene, kuwa sehemu ya njia; tanzi linakaa ndani yake na kuta hazibomoki. Kwenye udongo wa kichanga kopo linasaidia sana.

Mtego ukishakaa, funika shimo kwa majani na udongo, lakini usilizibe lote. Acha upenyo mdogo wa hewa. Ukiliacha wazi kabisa, ataanza kusukuma udongo tangu mbali na mtego utajaa. Ukiliziba kabisa, hana sababu ya kuja. Kuhusu harufu ya mikono wategaji wanabishana. Kupaka mikono udongo wa shimo lenyewe hakugharimu kitu, basi fanya.

Kagua asubuhi na jioni. Mnyama aliyebanwa kiuno badala ya shingo anaweza kubaki hai akiteseka, na aliyemtega ndiye mwenye wajibu wa kummaliza mara moja kwa pigo moja zito kichwani. Mtu asiyeweza kwenda kukagua mtego wake asitege. Siku mbili zikipita bila dalili yoyote, hamia kwenye rundo jipya zaidi. Na usimshike kwa mikono mitupu hata ukidhani amekufa, kwa maana yale meno hukata mizizi ya miti, na wagugunaji hubeba magonjwa yanayompata binadamu. Mzike.

Jembe na subira

Kuna njia nyingine ya zamani isiyohitaji kitu chochote cha kununua, nayo watafiti wanaotaka fuko hai pia huitumia. Ukishaifungua njia, simama upande usio na upepo, karibu na mdomo aliouziba mara ya mwisho, ukiwa umeshika jembe. Simama kweli, miguu isisogee huku na huko. Fuko anasikia ardhi kuliko anavyosikia hewa. Tachyoryctes hata huwasiliana na majirani kwa kugonga kichwa kwenye dari ya shimo. Hatua moja ya kizembe na amerudi kilindini. Anapokaribia, udongo wa mdomoni huanza kucheza kidogo. Subiri. Unaongezeka, unasukumwa nje. Hapo unapiga jembe kwa nguvu nyuma yake, hatua moja ndani kutoka mdomoni, ili ukate njia ya kurudi. Halafu unamchimbua kutoka katikati ya jembe na mdomo wa shimo.

Inataka roho tulivu. Wazee wanaoijua kazi hii wananasa fuko kabla chai haijapoa, na kijana mwenye simu mkononi anasimama mpaka jua linachwa.

Mitego ya dukani

Mtego wa koleo wa Ulaya umeundwa kwa njia nyembamba za fuko mdogo, na mnyama wetu ni mkubwa zaidi na mwenye nguvu. Ukitaka mtego wa kiwandani ulioundwa kwa mnyama anayefanana na wetu kwa tabia, tazama Amerika Kaskazini kwenye mitego ya gofa. Gofa ni mgugunaji wa chini ya ardhi, mla mizizi, msukuma udongo, anayeishi peke yake na anayekuja kuziba njia iliyotobolewa. Mtego wake maarufu, Macabee, uliandikishiwa hataza mwaka 1900 na Zephyr Macabee wa Los Gatos, California. Ni mdogo, unaingia wote ndani ya njia, na unafyatuka fuko anapousukuma mbele. Fungia kila mtego waya na uusimike kigingi nje, la sivyo fuko aliyejeruhiwa atauburuta hadi usikoweza kuufikia. Fundi wa kuchomelea wa mjini anaweza kukutengenezea kitu cha namna hiyo kwa kufuata mfano.

Kwa viwanja vya nyasi, mbinu ni zilezile. Nyasi za kikuyu zina mashina mengi ya chini kwa chini ambayo Tachyoryctes anayapenda, kwa hiyo bustani ya Limuru au ya Arusha inayomwagiliwa mwaka mzima ni shamba la chakula kwake. Kata kipande cha nyasi na udongo wake kama kifuniko, tega chini yake, rudisha kifuniko. Dawa ya kuua funza wa nyasi haitamwondoa, kwa sababu hafuati funza.

Sumu

Hapa naomba msomaji asipite haraka.

Tembe za gesi, zile za aluminiamu fosfaidi zinazouzwa kwa kuhifadhi nafaka, watu huzitumbukiza kwenye mashimo ya fuko. Zikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haina dawa ya kuitibu ikishamwingia mtu. Njia za fuko hupita chini ya uzio, chini ya banda, wakati mwingine chini ya msingi wa nyumba, na gesi hufuata njia. Januari 2017 mjini Amarillo, Texas, dawa ya aina hiyo iliwekwa chini ya nyumba kuua panya. Ilipomwagiwa maji ili kuiondoa, gesi ikapanda ndani, na watoto wanne wa familia moja walifariki. Hii si dawa ya kuuzwa kwa tembe mojamoja kwenye karatasi sokoni. Ni kazi ya mtu aliyefunzwa, mbali na makazi.

Sumu za kula, kama zinki fosfaidi au zile zinazozuia damu kuganda, zina shida nyingine. Fuko ni mwekaji akiba. Kiazi chenye sumu anaweza kukipeleka ghalani kikae, au akakisukuma nje pamoja na udongo, na asubuhi kuku wako ndio wa kwanza kufika. Tena fuko aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda hafi papo hapo. Bundi, vicheche, na yule ndege mwindaji mwenye tumbo jeupe na mkia wa rangi ya kutu anayekaa juu ya nguzo za umeme katika nyanda za juu, wote wanakula fuko. Huyo ndege huvizia marundo yanayocheza kama mtu mwenye jembe anavyoyavizia. Ukimpa fuko sumu, unaigawa kwa wale wanaokufanyia kazi hiyo bure kila siku.

Mengine yanayosemwa

Chingamu haifanyi kitu. Mafuta ya taa yanachafua udongo utakaoupanda msimu ujao, naye fuko anaziba kipande hicho na kuchimba kingine. Moshi wa pilipili unaweza kumhamisha kwa muda, lakini anazuia moshi kwa njia ileile anayozuia upepo, kwa udongo. Vifaa vya kutetemesha ardhi vinauzwa ghali na majaribio ya vyuo vikuu vya Marekani hayakuonyesha kwamba vinafukuza fuko wala gofa.

Utupa una hadhi tofauti. Wakulima wa Uganda hasa wameupanda kwa miaka mingi kuzunguka migomba, mihogo na viazi vitamu kwa ajili ya kufukuza fuko, na wengi wanauamini. Majani yake yana sumu ya jamii ya rotenoni, ndiyo maana wavuvi waliutumia kulewesha samaki. Nauona una faida hata fuko asipojali, maana ni jamii ya kunde na unarutubisha ardhi. Usiupande kando ya bwawa la samaki wala mahali mbuzi wanapochunga.

Kinachofanya kazi bila ubishi ni kizuizi. Kwenye kitalu cha miche au tuta la mboga, tandaza wavu wa waya wenye matundu madogo chini kabla ya kujaza udongo, na uupandishe pembeni. Mche wa parachichi au makadamia unaogharimu pesa nyingi unastahili kikapu cha waya kuzunguka mizizi yake miaka ya mwanzo. Na viazi vitamu vilivyokomaa visiachwe ardhini miezi kadhaa kama ghala, kwa kuwa hilo ghala lina funguo mbili.

Baada ya kumnasa

Njia nzuri iliyochimbwa haikai tupu. Kijana wa fuko aliyefukuzwa na mama yake, au jirani aliyebanwa, ataigundua na kuhamia, na mkulima atasema fuko amefufuka. Kwa hiyo kutega peke yako katikati ya mashamba kumi yasiyotegwa ni kazi isiyoisha. Vijiji vya nyanda za juu vina wategaji wanaolipwa kwa kila fuko wanayemwonyesha mwenye shamba, sawa na wategaji wa Uingereza wanaotundika fuko kwenye waya wa uzio ili mkulima ahesabu. Majirani watano wakimwita mtegaji mmoja wiki moja, mvua zikiwa zimeanza na marundo yakiwa mapya, watapata nafuu kubwa kuliko kila mmoja akimwita kwa wakati wake.

Siku ya kumnasa, sawazisha marundo yote kwa jembe na uzibe shimo ulilotegea. Vunja njia kuu kadiri jembe linavyofika. Kisha pita asubuhi kwa siku chache. Rundo jipya likitokea kwenye kipande kilekile, tazama lilikotokea: likiwa katikati, ama kuna familia au umenasa mtoto na mama yupo, likiwa linaingia kutoka mpakani, ni mgeni, naye yuko kwenye njia fupi mpya iliyo karibu na uso wa ardhi, rahisi kuipata kwa fito. Mtegee hapohapo mpakani, kabla hajaunganisha njia yake na zile za marehemu.